Bwana Mjaka Shaame na Koti Lake la Danmua

Tarehe 30 Juni 1972 Bwana Mjaka Shaame anastaafu ufundi wa laini za simu, baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne. Mshipi wa kupandia nguzo amesharejesha, na koleo pia. Lililobaki bila uamuzi hadi wiki iliyopita ni koti.

Koti lenyewe ni Danmua, la kampuni kongwe ya Uingereza iliyokuwa ikiwashonea wapanda milima. Ni la pamba nzito iliyopakwa nta. Mwaka 1947 mafundi sita wa karakana yetu ya Mji Mkongwe tulipewa kila mtu lake, pamoja na ahadi ya kampuni kwamba litadumu maisha ya mvaaji. Kisiwa chetu hakina mlima, lakini kina masika. Koti moja lililiwa na mchwa, mawili yalikatwa yakawa matandiko ya punda, moja lilizama baharini Uroa. La mwandishi wa haya liliachwa msumarini alipohamia Dar es Salaam mwaka 1964, naye hajui lilipo. La Bwana Mjaka lipo.

Tangu mwaka huo makopo ya nta ya kuyapaka upya makoti hayakuja tena. Bwana Mjaka akaanza kulipaka mafuta ya papa, yale yanayopakwa vyombo vya baharini. Maji hayakupenya. Watu nao hawakukaribia. Mkuu wa karakana, Bwana Jecha, aliamuru litundikwe nje, na paka wa soko la samaki la Malindi wakahamia chini yake. Vijana walimtania: "Shikamoo Mzee. Leo unatoka kazini au sokoni kwa samaki?"

"Marahaba. Mvua haina pua."

Aprili 1968 mti uliangukia laini ya Mangapwani. Huko mkunga, Bi Shemsa, alikuwa na mzazi aliyekwama tangu alfajiri, na hana njia ya kuita gari ya hospitali. Mafundi walikuwa na makoti mapya ya nailoni, mepesi, ya samawati. La fundi Mcha lilichanika kwapani kwenye msumari wa kwanza, na wenzake wakashuka wakitetemeka, koleo haishikiki. Bwana Mjaka alibaki juu ya nguzo mpaka simu ikalia. Mtoto alizaliwa mjini, mzima. Bi Shemsa alikwenda kumshukuru, akasimama upande unakotoka upepo.

Wiki iliyopita koti lilikaguliwa. Mishono imara, vifungo vyote vipo, mfuko mmoja umetoboka. Kwa upande wa Bwana Mjaka, magoti yote mawili yamekwisha. Ahadi ya kampuni imetimia, na inaelekea kuzidi.

Alitaka kwenda nalo nyumbani. Mkewe, Bi Mwatima, alimpokea mlangoni: "Wewe karibu. Hilo likapige hodi kwengine." Bwana Mjaka, ambaye hakuwahi kuomba hata ruhusa ya kwenda kujikausha, akaomba karakana jambo moja: lisitupwe. Bwana Jecha alikubali kwa sharti. Koti litabaki msumarini pake, alivae atakayepanda wakati wa mvua, na mwenyewe aje kila mwaka kulipaka mafuta. Mcha ameshalijaribu. Linamkaa sawasawa, na paka wamemzoea.

Ahsante, Bwana Mjaka, kwa kila simu iliyolia huku mvua inanyesha. Februari, kabla ya masika, wenzako wanakungoja na kopo lako la mafuta. Tunakutakia mapumziko mema, nyumba kavu, na umri mrefu kuliko wa koti.