Wasifu wa Mzee Apollinaire Cirhuza, Ulioandikwa na Jirani

Ndugu wafiwa na marafiki, kwa desturi wasifu huandikwa na familia. Huu nimeuandika mimi, Godelive, Mrundi, jirani tu, kwa sababu marehemu alikataa kusifiwa na watu wa nyumbani kwake. Sababu mtaisikia.

Mzee Apollinaire alizaliwa tarehe 14 Machi 1946 huko Walungu, Kivu Kusini. Alisoma shule ya misheni hapo hapo, kisha sekondari Bukavu, na mwaka 1968 akaenda Liège, Ubelgiji, kusomea hesabu. Baridi ya mwaka ule wa kwanza, alisimulia mwenyewe, ilimfanya avae pijama ndani ya suti hadi Pasaka.

Tarehe 20 Julai 1974 alifunga ndoa na Mama Marcelline mjini Bukavu. Walirudi Ubelgiji pamoja, na Mungu akawapa Cathy na Achille.

Huko alifundisha chuoni zaidi ya miaka ishirini. Nchi za Ulaya zilipokubaliana kushirikiana kuhakikisha ubora wa vyuo vyao, yeye akawa mmoja wa wakaguzi. Utaratibu wao aliupenda mno. Chuo hakijipimi chenyewe, huletewa wageni kutoka nchi nyingine, na kuna saa ambayo wanafunzi husikilizwa peke yao, walimu wote wakiwa nje. Mahali pamoja, profesa mwenyeji aliingia saa hiyo na sinia la kahawa, akawa anamimina polepole, masikio yamesimama. Mzee alimpokea sinia na kumwonyesha mlango. "Asante, mwenzangu. Kahawa nitajimiminia."

Mwaka 2009 walihamia hapa Durban, Afrika Kusini, wakakaa Queensburgh kwa Cathy, mwenye saluni. Kustaafu kulimshinda. Alianzisha darasa la hesabu la jioni katika ukumbi wa kanisa, Cato Manor. Sisi Warundi tulikuwa na letu kule Jacobs, basi siku moja akanijia. "Mama Godelive, mukuje kutupima. Na sisi tutakuja kwenu. Mutu hawezi kujipima ye mwenyewe."

Tulienda mwaka 2011. Alitoka, akafunga mlango, akasimama nje kwenye mvua, mwavuli wake ukiwa ndani. Mwanafunzi wake Israël akatuambia, "Mwalimu iko muzuri, lakini anafutaka ubao na bado hatujamaliza kuandika. Eish, iko mbio sana!" Nilipomfikishia Mzee maneno hayo alicheka hadi akashika ukuta. Tangu siku hiyo hakufuta ubao bila kuuliza kwanza, "Mumemaliza?"

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2013. Wiki yake ya mwisho hospitalini alikuwa na wasiwasi mmoja tu, akamwambia mkewe nikisikia, "Wasifu wangu musiandike ninyi, mutanisifu bure. Aandike Godelive. Nataka kujua kama nilisaidia watu, ao walinivumilia tu juu ya mvi."

Nikamtania, "Utajuaje, Mzee, na wewe utakuwa umeenda?"

"Utasoma na nguvu. Nitasikia."

Aliaga dunia asubuhi ya Jumapili, tarehe 2 Novemba 2014, Mama Marcelline akimshika mkono.

Jumatano niliwakusanya wanafunzi wake sebuleni, nikaomba familia itoke. Mara Mama Marcelline akarudi na sinia la chai, akawa anamimina polepole. Nikamwambia, "Mama, chai nitajimiminia." Alicheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili, akatoka akifuta machozi.

Kasoro walizitaja, kwa kuwa ukaguzi bila kasoro ni uongo. Utani wa pijama aliurudia mno, na wale walio kwenye kwaya walitamani aimbe kwa sauti ndogo zaidi. Kisha Israël, ambaye sasa anasomea uhandisi hapa Durban, akasema, "Alikuwa anauliza kila siku kama tumemaliza. Mumoja akisema bado, anangoja." Wengine wote wakaitikia, na tukalia kidogo, na kucheka zaidi.

Mzee Apollinaire ameacha mjane, Mama Marcelline, watoto wawili, Cathy na Achille, wajukuu wanne, na madarasa mawili, lake na letu, ambayo Jumatatu yatafunguliwa kama kawaida.

Sasa nasoma kwa nguvu, Mzee, kama ulivyotaka. Tuliwauliza wenyewe, mlango ukiwa umefungwa. Ulisaidia watu. Tumemaliza, pumzika kwa amani.