Siku Kitanda cha Bernado Kilipotolewa Nje

Sogeeni wanangu, na mnisamehe kabla sijaanza, maana wosia huu nitausema ovyo: pumzi yenyewe ni ya kuokoteza, na wakati wazee wenye akili huanza na ng'ombe, mimi nitaanza na kitanda. Dafroza, binti yangu, niinulie mto. Masatu, mdogo wangu, kaa hapo ninapokuona, kwa sababu nusu ya maneno haya ni yako hata kama hukuyaomba. Katekista Felisian, andika. Na wewe Gati, mkwe wangu, baki mlangoni kama desturi yetu inavyotaka, ila sikiliza kuliko wote, maana ni wewe wanayetaka uondoke katika nyumba hii ya Kigera tangu tulipomzika mume wako, Bernado wangu, kule Mugango.

Nakumbuka nilipowatembelea Bernado na Gati Dar es Salaam. Ilikuwa ile miaka maduka yameanza kujaa tena. Sisi tuliozoea kupanga foleni ya sabuni tangu alfajiri tukaikuta sabuni imejaa tele, ila pesa ndiyo imekwenda kupanga foleni mahali tusipopajua. Nilishuka kwenye treni na gunia la kayabo, yule sangara wetu wa chumvi, limenuka mpaka behewa zima likaniheshimu kwa kukaa mbali. Bernado akanipeleka Manzese, alikopanga chumba kimoja. Kimoja tu. Kitanda humo, jiko humo, na mimi baba mkwe nimesimama nje kama askari wa zamu, maana kwetu baba haingii mahali mwanawe anapolala na mkewe, hata mvua inyeshe ya mawe.

Dafroza, ulikuja kutoka Temeke umevaa gauni la mitumba lenye mabega mapana kuliko ya mume wako, ukaniambia, "Baba, huku ni mjini, ingia ule." Nikakwambia mji haukunizaa. Bernado akabaki anakuna kichwa. Gati aliingia ndani, akakunja godoro, akamwita mume wake, "Shika huku," na kitanda hicho kikatoka mpaka uani, naye ana mimba ya mjukuu wangu Ngolo. Akafagia, akatandika mkeka, akapiga goti: "Baba, sasa hiki ni chumba tu. Karibu."

Nikaingia. Majirani sasa! Mmoja akaja kutoa pole eti wamefukuzwa, mwingine akaja kuuliza chumba kinapangishwaje, na kabla ugali haujaiva mama mwenye nyumba akafika anahema, "Bernado, unahama bila kuniaga?"

"Sihami, mama. Nampa baba heshima."

Yule mama akakitazama kitanda, akanitazama na mimi, akasema, "Heshima ya kwenu ina mbao nyingi." Kisha akaketi juu yake palepale, wakala na Gati huko nje, sisi ndani, tukitaniana kupitia mlangoni mchana kutwa bila mtu kuuliza saa. Bernado alikuwaga na kile kicheko cha kujipiga paja, mnakikumbuka. Ninakisikia hata sasa, Masatu, kuliko ninavyokusikia wewe unavyoguna. Jua lilipopungua nikaenda kulala kwa mtu wa Bunda aliyekuwa mlinzi huko mtaani, na nyuma yangu nikasikia kitanda kinarudishwa, wawili hao wanagombana kwa vicheko mguu upi upite kwanza.

Basi, Masatu, unasema mjane huyu ana tabia za mjini, nyumba irudi kwenye ukoo. Mila wewe umeikuta imesimama, ukaiegemea. Yeye aliibeba, na ilikuwa nzito. Akufaaye kwa dhiki ndiye ndugu, hata kama aliingia ukoo kwa ng'ombe wa mahari.

Kwa hiyo nyumba hii, na kiwanja chake mpaka kwenye mwamba, ni ya Gati na watoto wake kuanzia sasa, nikiwa na macho. Shamba la Mugango ni la Dafroza. Ng'ombe walioko Butiama kwa Machage anayenitunzia, chukua wewe, Masatu, pamoja na yule dume anayepiga watu teke, mtaelewana. Mnizike kando ya Bernado, na msilie kwa zamu kama watu wa kuajiriwa.

Maji, Dafroza. Asante... Mungu awape mvua ya kiasi na vicheko visivyo na kiasi, mzeeke mkiitana majina. Masatu, sema umesikia. Sema kwa sauti, Gati yuko mlangoni... Haya. Umesema.

Ulimi unakuwa mzito... Lakini ngojeni kwanza. Nyumba nimeshampa Gati. Chumba hiki basi ni chake, tangu hivi punde, na aliyejinyoosha ndani yake, bila hata shati, ni baba mkwe. Masatu, ulikuwa unamtafuta anayevunja mila katika ukoo huu... ni mimi. Nisamehe, mkwe wangu. Vumilia kidogo tu... natoka.