Choo cha Mara ya Pili

Ndani ya basi, mshonaji alikuwa akimsimulia jirani yake wa kiti jinsi alivyobadilisha choo cha kukaa nyumbani kwake mwenyewe, bila fundi. Kumbe jirani mwenyewe ni fundi bomba.

"Kitavuja, dada yangu," fundi alisema.

"Kivujie wapi? Nimepangusa chini yake kwa kitambaa cheupe, kimetoka kikavu."

Fundi akatabasamu kama mtu aliyebakiza karata moja. "Na lile tambara uliloziba nalo bomba ili harufu isipande, ulikumbuka kulitoa?"

Abiria wa nyuma wakatega masikio, hata waliokuwa wamelala.

"Nilisahau," mshonaji akasema. "Maji yakajaa mpaka ukingoni, mume wangu akakimbilia uani. Lakini mshono ukienda kombo si unafumua? Nikaking'oa choo, nikatoa tambara, nikakifunga upya. Wewe siku yako ya kwanza ulifunga vyoo vingapi?"

"Kimoja."

"Mimi viwili!"

Basi likasimama. Mshonaji akashuka, kifua mbele.

"Kitavuja!" fundi akamfokea kutoka dirishani.

"Karibu uje ukikalie!"