Watani wa Angani

Alasiri ile ya mwaka tisini na nane, kwenye benchi la Swalehe muuza kahawa, nyuma ya banda la video pale Kibiti, hakuna aliyezungumzia bei ya korosho. Damu zilikuwa zimechemka kwa ajili ya Mashaka, ambaye kijiwe kinamwita Jemadari. Kesho Mwalimu Theodory, jina la kijiweni Kamusi, anahamia Mbeya na kompyuta yake. Mwezi mzima Mashaka amelinda sayari yake katika mchezo wa vita vya angani, sayari aliyoipa jina la kwao, Maparoni, na roho yake yote ilitaka aiache ikiwa salama. Sasa viumbe wa kijani, aliowabatiza Watani, wanaomba kutia nanga meli zao za vita langoni kwake. Mashine iko chumbani kwa Kamusi, inangoja jibu: ndiyo au hapana.

— Kamusi, hebu tufasirie tena walivyosema, akaomba Mashaka.

— Wanasema, "Ewe mwenye kichwa kikubwa na akili kiduchu, fungua lango tukulinde."

— Mmesikia! Mashaka akajipiga paja. Mtu anakutukana huku anakuomba! Huyo mtani kabisa! Ndiyo maana walipozoa meli zangu kadhaa niliwaachia. Mtani haibi, anajichotea tu.

— Fungua, bwana! akafoka Mwinjuma, aliyewahi kuwa balozi wa nyumba kumi na hajakubali kwamba aliacha. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Hizo zinaelea hata maji hakuna! Aliyeziunda fundi, na fundi ana muda gani wa kupigana?

— Balozi, methali hiyo umeipeleka siko.

— Methali haina njia moja, Kamusi. Endelea na Kiingereza chako.

— Basi nisikilizeni, akasema Kamusi. Siku hizi soko huria. Hao wawekezaji! Wapeni bandari, wapeni na msamaha wa kodi, watatujengea barabara.

— Ya angani?

— Hata ya vumbi tutashukuru!

Swalehe akagonganisha vikombe vyake.

— Mnahangaika bure. Mkubwa wao tumwozeshe binti wa Kindengereko wa hapa hapa. Atakuwa mkwe, na mkwe hapigi mzinga ukweni.

— Mwanamke gani atamtaka mume wa kijani?

— Si rangi ya chama tawala hiyo? Atapata na kadi!

Kijiwe kikaangua kicheko. Mashaka akainuka, moyo unamwenda mbio kwa furaha. Ameshaamua: ndiyo. Hapo akakutana uso kwa uso na Subira, mdogo wake, ameshuka sasa hivi kutoka Maparoni yenyewe na kapu la kamba wakavu.

— Shikamoo kaka. Shikamooni jamani. Mbona kelele hivi, kuna harusi?

— Marahaba. Kuna vita, mdogo wangu! Na watani zangu wanakuja kunilinda.

Akamweleza yote, mikono inapaa. Subira akatua kapu.

— Wanakulinda na nani?

— Na Wenye Pembe, majirani zangu wa angani. Lakini hao nimeshawamaliza. Na Wenye Mbawa, nao nimewamaliza.

— Walikuja kukupiga?

— Walikuwa wanajiandaa.

— Uliwaona?

— Niliambiwa.

— Na nani?

Mashaka akamtazama Kamusi. Kamusi, aliyefasiri kila ujumbe, akashika ndevu.

— Na Watani, akasema Mashaka. Aliona aibu, kisha hofu ya kweli, kana kwamba kule kwao mama yake alikuwa anapika na mlango haujafungwa.

— Basi mkatalie, akasema Balozi kwa haraka. Sema hapana, mwanangu!

— Haya, akatae, akasema Subira. Wakikasirika wakaja kwa nguvu, kaka yangu atamwita nani?

Swalehe akawamiminia kahawa bila kuulizwa, na hakuna aliyenyoosha mkono.