Mama Haule na Daftari la Namba Tisa

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, Bi. Benigna Haule, mhariri wa miswada ya vichekesho wa Luhira TV, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025. Wenzangu wamenipa mimi kazi ya kuandika wasifu wake kwa sababu nimekuwa mwongozaji wake kwa muda mrefu kuliko wote. Nimekubali kwa sababu nyingine: kuna jambo nilipaswa kulisema hadharani siku nyingi.

Mama Haule aliajiriwa mwaka 1994, kampuni yetu ikiwa bado chumba kimoja cha kurekodi video za harusi hapa Majengo, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Kazi yake ilikuwa kuandika majina juu ya kanda. Mwingine angeandika "Harusi, kanda ya pili" akaenda kunywa chai. Yeye aliitazama kila kanda hadi mwisho, akaandika nani alilia, nani alinuna, na shangazi yupi alikaa mbali na meza ya keki. Tulidhani ni umbeya, kumbe alikuwa anajifunza watu. Tulipoanza kurusha matangazo ya televisheni mwaka 2011, hapakuwa na mjadala nani ashike miswada.

Watazamaji wanamjua kwa "Magunia FC", kichekesho chetu cha timu ya mpira ya wabeba mizigo wa soko la mahindi, timu ambayo haijawahi kushinda mechi. Mwaka 2017, wiki chache kabla hatujaanza kurekodi, alikwenda mafungo ya kiroho kwa watawa wa Peramiho. Alirudi na duara alilochorewa na sista mmoja anayeitwa Anjelika, lina alama tisa ukingoni. Jina lake ni eneagramu. Kila alama ni aina moja ya tabia, na kila tabia, alivyotueleza, ina kitu inachokitafuta na kitu inachokiogopa. Muhsini, mwigizaji wetu kutoka Nakapanya kule Tunduru, aliuliza kwa adabu kama haya si mambo ya kupiga ramli, maana dini yake hairuhusu. Mama Haule akamjibu kwamba ramli hukuambia kesho utakutana na nini, lakini duara hili linakuuliza tu jana ulikimbia nini. Muhsini akaridhika.

Kuanzia hapo hakuna mhusika aliyeingia uwanjani bila namba, na simaanishi namba ya jezi. Kocha Rupert alipewa Tatu, mtu asiyeweza kuishi bila kuonekana amefanikiwa. Ndiyo maana akifungwa sita bila, huwaita waandishi wa habari kuwaeleza jinsi kipindi cha pili kilivyokuwa kizuri. Kipa Kajetani alipewa Sita, mwenye mashaka; hutikisa milingoti ya goli kabla ya kila mechi, na hubeba glavu za akiba, na akiba ya zile za akiba. Alfani, mtunza jezi, aliyeigizwa na Muhsini, alipewa Tisa, mpatanishi. Wachezaji wawili wakitaka jezi namba kumi, Alfani huwakubalia wote wawili. Mnakumbuka mechi ile ilivyoisha, na namba kumi wawili uwanjani.

Sasa kosa letu. Majina ya wahusika yalikuwa yanabadilikabadilika, kwa hiyo Mama Haule, ili asichanganyikiwe, aliandika kwenye daftari lake majina ya waigizaji mbele ya namba. Bila kutambua, nasi tukaanza kuwaita waigizaji kwa namba zao. Muhsini akawa Tisa hata kwenye foleni ya chakula. Mtu akitaka kubadilishana naye chumba tukiwa safarini, anabadilisha tu, kwa kuwa Tisa hakatai. Ratiba ikisogezwa, kila mtu anapigiwa simu kuulizwa isipokuwa yeye. Naye alikuwa akitabasamu, nasi tukalichukua tabasamu hilo kuwa ushahidi.

Msimu wa tatu niliamua kumwondoa Alfani. Nilisoma kwenye daftari kwamba Tisa hapendi mvutano, nikajiambia kwamba pasipo mvutano hapana kichekesho. Nilimwambia Muhsini habari hiyo mlangoni, nimeshika funguo za gari. Akasema sawa. Hakuwa na kazi nyingine mjini, na nilijua hilo. Kesho yake akapanda basi kurudi kwao kwenye mikorosho.

Mama Haule alipofika ofisini aliniuliza Muhsini alitaka nini. Nikamwambia alisema sawa. Akarudia swali lake, polepole, kama mwalimu anayekusubiri uone kosa mwenyewe. Kisha akafunga daftari, akaomba ruhusa ya siku mbili, ya kwanza tangu yale mafungo, akapanda basi la Tunduru.

Yaliyotokea huko alinisimulia Muhsini. Ulikuwa msimu wa korosho. Mama Haule alimwamkia mama yake Muhsini, Bi Zena, shikamoo, akavua viatu, akakaa chini na kuanza kutenganisha korosho na mabibo pamoja nao. Alimuuliza Muhsini swali moja tu: anataka nini. Muhsini akajibu kwamba lolote watakaloamua ni sawa. Mama Haule hakubishana. Aliendelea na mabibo. Wakala mchana, wakarudi kwenye korosho, naye bado anasubiri. Jua lilipokuwa linapungua ndipo Muhsini alipofungua mdomo. Alisema tangu msimu wa kwanza ametamani Alfani akatae, mara moja tu, tena bila kupiga kelele, kwa sababu mtu mpole hagombi, hukaa akang'ang'ania. Bi Zena aliyasikia hayo akalia, maana mwanawe hakuwahi kumwambia hata yeye anachokitaka.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Sehemu aliyoiandika Mama Haule aliporudi mnaijua: Alfani anakalia begi la jezi asubuhi ya mechi, hasemi neno, hainuki. Refa anafika, wapinzani wanafika, kocha anabembeleza, kipa anataka kuzimia. Mwisho mmoja wao anakumbuka kumuuliza anataka nini. Anataka kuwemo kwenye picha ya timu, kwa sababu miaka yote yeye ndiye aliyekuwa akiipiga. Tulicheka tukirekodi, kisha Saleh wa sauti akavua visikilizio akafuta macho. Muhsini bado yuko nasi. Nilimwomba radhi faragha. Leo naomba tena, mbele yenu.

Wiki hiyohiyo Mama Haule alifuta majina yote ya waigizaji daftarini kwa ufutio, akaandika ya wahusika. Juu ya ukurasa aliongeza mstari mmoja: namba ni za watu wa karatasi, aliye hai muulize.

Mtadhani tulijifunza. Mwezi uliopita tulikaa kikao cha kupanga sherehe ya kumuaga. Tulikuwa tumeshachagua kitenge, tumeagiza pilau, na tumepanga hotuba saba, yangu ikiwa ya kwanza na ndefu kuliko zote. Muhsini akanyoosha mkono akauliza ni nani aliyemuuliza mwenyewe anataka nini. Wote tulikuwa tumebishana miaka nane yeye ni namba ngapi, wala hakuna aliyewahi kumuuliza swali lake mwenyewe.

Nilikwenda mimi. Nilimkuta anachonga penseli. Akasema lolote tutakalopanga ni sawa. Safari hii sikuwa na funguo mkononi. Nilivuta kiti nikakaa, chai yangu ikapoa, yake pia. Nilikuwa karibu kukata tamaa aliposema, bila kuniangalia, kwamba angependa kusimama pembeni ya uwanja wa Magunia FC, kamera ikimtazama, amtukane refa mpaka sauti ikauke. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amekisia hilo.

Kwa hiyo hotuba zote saba zimefutwa. Ijumaa saa tatu asubuhi tukutane uwanjani. Mama Haule, Saleh amekuandalia kipaza sauti, na refa nitakuwa mimi. Asante kwa kutusoma sote hadi mwisho wa kanda. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha, na watu wa kukuuliza unataka nini, wenye subira ya kungoja jibu. Sasa sema yote. Nimejitafutia filimbi isiyolia, nisikukatize.