Mkono Uliochora Upande wa Pili

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeuumba mkono akaupa kazi, na akiutaka tena huutwaa bila ya kumuuliza mwenyewe. Namshukuru kwa alichoniachia, na namshukuru kwa alichokichukua, ingawa hilo la pili lilinikalia kooni muda mrefu. Rehema na amani zimfikie Mtume wake.

Ndugu zangu mnaokutana hapa Mwanakwerekwe, nyinyi mliopigwa na kiharusi kama mimi, na nyinyi mnaotuuguza: mlinisikia nikiyaeleza haya kwa ulimi wangu mzito, mkaniomba niyaandike ili yawafikie wasiokuwepo. Nayaandika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto upo mapajani, umejikunja, kama mnavyoujua.

Kazi yangu tangu ujana ni kuchora kofia. Kofia zetu za vitobo zina watu wawili: anayechora nakshi juu ya kitambaa, na anayezifuata kwa sindano. Mimi nikichora nyumbani Mji Mkongwe, na kina mama wa Makunduchi wakija kuchukua vitambaa wakashone. Mwanangu wa pekee alirithi mkono wangu. Alipokuwa mdogo tukichora karatasi moja, mimi naanzia kulia, yeye kushoto, tukutane katikati. Alipokua akaacha karatasi, akawa anachora kwenye tableti, fulana za kuuzia wageni wa Paje. Kulia kalamu, kushoto ameshika pedi ya gemu, ile ile wanayochezea watoto mpira kwenye televisheni. Kila kitufe alikipa kazi: hiki kifute kosa, hiki kikuze, hiki kizungushe mchoro, asipate kuinua kalamu na kutafutatafuta.

"Unachora au unacheza?" nikimuuliza.

"Nachora, mama. Njoo nikufundishe."

"Mie nshazeeka. Kamfundishe mkeo."

Akicheka, akiendelea.

Siku moja alitoka Paje kwa pikipiki, na nyumbani hakufika kwa miguu yake. Wanaume walimzika alasiri. Mimi nikabaki ndani na wanawake. Msiba haujapoa, nikiwa natawadha, upande wangu wa kushoto ukaniacha.

Mguu ulirudi kwa mazoezi. Mkono ulikataa. Vidole vilijikunja kama vinavyoshika kitu kisichoonekana. Kidole gumba na cha shahada tu ndivyo vilivyosikia amri. Na kitambaa kinataka mikono miwili, mmoja unyooshe, mmoja uchore.

Somo yangu, mshonaji wa Makunduchi, alikuja kunitazama. "Somo, mkono umelala, na wewe ndiyo umelala?"

"Kitambaa kinanikimbia."

"Hata mume wangu ananikimbia, na sijaacha kumpikia."

Nilicheka. Alipoondoka nikageukia ukutani.

Mkwe wangu, mke wa marehemu, alipomaliza eda alikuja kuniuguza. Akaleta tableti na pedi. "Mama, hii haitaki kunyooshwa," akasema, akaitia pedi kwenye kiganja changu kilichojikunja. Ikaingia kama iliyopimwa. Akaiwasha, ikatetemeka. Ndugu zangu, nilikuwa sijahisi kitu kwenye kiganja kile tangu siku niliyoanguka. Mtetemeko ule niliuhisi.

"Nani huyo?" nikasema.

"Ndivyo ifanyavyo ikiwaka, mama."

Chini ya kidole gumba changu mpira wa pedi ulikuwa umelika. Pale ndipo gumba la mwanangu lilipokuwa likikaa.

Nikajifunza vitufe vichache. Kisha alasiri moja, niko peke yangu, gumba likateleza kwenye kitufe nisichofundishwa. Nikachora nusu ya ua upande wa kulia. Upande wa kushoto ikajichora nusu nyingine, sawasawa nayo, kwa wakati ule ule. Nikasema audhubillahi, kalamu ikanianguka. Mstari wa pili nao ukasimama. Nikaiokota, nikausogeza mstari wangu kidogo, na mwenzangu akasogeza wake. Tulikuwa tunakwenda kukutana katikati.

Nawaambia ukweli. Mimi nimesomesha wanawake dini, najua aliyekufa hakai ndani ya kioo cha tableti. Lakini elimu ile ilikuwa kichwani, na mkono ulikuwa kwingine. Woga ulinitoka upesi. Kilichobaki ni furaha, nayo ndiyo iliyokuwa mbaya. Kila alasiri nikifunga mlango. Sikuchora kofia. Nikichora mstari tu, nione unajibiwa. Chakula kikipoa. Kina mama wa Makunduchi wakiuliza kazi, nikisema sijawa tayari.

Siku moja mkwe wangu aliingia na chai, akanikuta nasema, "Umechoka, mwanangu? Tupumzike."

"Mama, unazungumza na nani?"

"Na mumeo. Tazama, anachora na mimi."

Akaiweka sinia chini. Akautazama mstari ukijibiwa, kisha akanyoosha kidole akaugusa upande wa kushoto wa kioo, taratibu, kama mtu anayegusa shavu la aliyelala. Nilidhani atakaa nami humo. Akajifuta macho, akalishika gumba langu akaliweka kwenye kitufe kingine.

"Bonyeza. Sasa chora."

Nikachora mstari mmoja. Ikatoka minane kwa duara, ikapanuka kama ua linalofunguka.

"Huyo mmoja ukisema ni yeye," akasema, "basi hawa saba ni nani, mama? Kaja na timu ya mpira?"

Kicheko kilinitoka kabla sijakizuia, na nyuma yake kikaja kilio ambacho sikuwa nimekilia msibani. Akanishikilia mpaka kikaisha.

"Fulana za Paje hazina haja ya pande nane," akaniambia. "Hiki alikipanga kwa ajili ya kofia zako. Akisema, mama akichoka kunicheka, nitamfundisha."

Basi hapo nikaona. Kwenye kioo hakuwemo yeye. Ilikuwemo elimu yake. Na elimu ambayo mtu ameiacha ikawafaa watu, thawabu zake humfuata alipo. Nikikaa kumwita pale, hasikii. Nikifanya kazi kwa alichokiacha, kitu kinamfikia. Niliichora kofia nzima, mpaka adhana ya magharibi, na mkwe wangu akainakili kwenye kitambaa. Sasa ndivyo tunavyofanya, na Makunduchi sindano zinakwenda.

Siwadanganyi kwamba yamekwisha. Pedi ikiwaka hutetemeka, na mimi hutetemeka nayo. Zipo siku nakibonyeza kile cha pande mbili, nachora polepole kuliko inavyohitajika. Kisha namsomea Fatiha, nabonyeza cha pande nane, naendelea.

Namshukuru mkwe wangu, aliyebeba msiba wake na wangu. Namshukuru somo yangu, aliyenikera mpaka nikaamka. Nawashukuru nyinyi, mlionisikiliza bila ya kunisema kuwa nimerukwa na akili. Na ninalowaachia ni hili: alichokiacha maiti msikifungie kasha, wala msikiombe kiseme kwa sauti yake. Kifanyieni kazi, na mwenyewe mumwombee.

Na wewe unayeyasoma haya, Mungu akurejeshee nguvu za kiungo kilicholala, awarehemu waliokutangulia, na akujaalie uache nyuma yako jambo ambalo mwingine atalishika likamfaa. Amin.