Mama Breki, Aliyefundisha Kazi ya Mgodi kwa Miwani

Dada yetu, ambaye kazini na nyumbani tulimwita Mama Breki, alizaliwa tarehe 9 Machi 1966, mtoto wa pili kati ya watoto watano wa fundi cherehani na mkewe mkunga. Alitanguliza miguu. Mama alikuwa akisema kwamba tangu siku hiyo hakuwahi kufanya jambo kama alivyoagizwa.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1979, akasoma sekondari miaka miwili, akaacha baba alipougua. Mwaka 1986 aliingia chuo cha ufundi kusomea mitambo mizito, msichana peke yake darasani. Alipewa kiti cha nyuma. Yeye mwenyewe alikibeba akakiweka mbele.

Aliajiriwa mgodini mwaka 1990, kwanza kupaka grisi, kisha kuendesha mtambo wa kuzoa mawe chini ya ardhi, na baadaye kufundisha madereva wapya. Mwaka 1993 aliolewa na fundi umeme wa mgodi huohuo. Shemeji anasema alimposa mara tatu, mara mbili za mwanzo alijibiwa, "Subiri kwanza nimalize zamu."

Tarehe 12 Juni 2014, dereva aliyefundishwa na dada, akiwa na siku nne tu kazini, alirudisha mtambo nyuma bila kuangalia, akambana mwenzake ukutani. Mwenzake alifariki. Dada ndiye aliyekwenda kuwaambia wazazi wa marehemu. Aliporudi aliniambia mimi, kitindamimba wa nyumbani kwetu, "Mdogo wangu, nilimfundisha ubaoni. Lazima pawepo mahali mtu akosee, halafu wote warudi nyumbani."

Alisumbua ofisi mpaka mwaka 2016 ikanunuliwa miwani ile mikubwa inayofunika macho, ambayo ukiivaa unajiona uko mgodini, na usukani wa mtambo mikononi. Wenzake walicheka: mama mzima anacheza gemu. Naye alikaa miezi mitano na vijana waliotengeneza mchezo huo, akiukataa.

"Mtambo wenu unasimama kama baiskeli," aliwaambia. "Wangu una tani thelathini. Ukikanyaga breki leo, unasimama kesho."

Waliurekebisha mara kumi na moja.

Mwaka 2018 meneja aliamua wiki tatu za mafunzo ziwe siku mbili. Dada alikataa kusaini vyeti. Akahamishiwa stoo kugawa glavu, miezi saba, na kila Ijumaa alimpelekea meneja barua ileile ya kudai wiki tatu, bila kubadilisha hata nukta. Mwishowe meneja alikuja stoo mwenyewe.

"Haya, nionyeshe huo mchezo wako."

Dada alimvika miwani, akamkalisha kwenye usukani. Hazikufika dakika nne, meneja alikuwa amegonga mtu. Alivua miwani.

"Huyu ni wa kompyuta, bosi," dada alisema. "Yule mwingine tulimzika."

Wiki tatu zilirudishwa, na dada akarudi darasani. Tangu hapo alifundisha watu mia sita na arobaini. Hakuna hata mmoja aliyeua au kuuawa na mtambo.

Mwaka 2021 madaktari walikuta mapafu yake yameharibiwa na vumbi la mawe. Walimkataza kushuka mgodini. Darasa hawakulitaja, kwa hiyo alifundisha na mtungi wa oksijeni pembeni. Alilazwa tarehe 2 Februari 2024. Siku ya saba mwalimu aliyempokea kazi alikwenda kumjulia hali, dada akamuuliza kuhusu mwanafunzi mmoja.

"Amefaulu?"

"Bado, mwalimu. Ila wanamhitaji kazini kesho."

"Basi asishuke."

Hakushuka.

Dada alifariki tarehe 11 Februari, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, sisi ndugu zake wanne, na madereva wake wote, ambao wengi wao wamesimama hapa leo wakiwa wazima.

Mungu ampe pumziko lenye amani, na sisi atuachie ukaidi wake.